Mama Odeta Hana Mtoto

Sowedi Marijani alijifunza Kiingereza stoo. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa karani wa kiraia katika kambi ya jeshi ya Mbarara, akiwagawia askari mablanketi, viatu, sabuni na sufuria kupitia dirisha dogo lenye nondo. Hakusoma sana shuleni, lakini maneno ya stoo aliyajua barabara, kwa kuwa kila neno lilikuwa na kitu chake cha kushikika. Neno moja lilichapwa juu ya karatasi zote alizotia saini: Issue. Askari alikuja dirishani, akapewa blanketi, ikaandikwa chini ya Issue. Asipopewa kitu, iliandikwa Nil. Vita vya mwaka 1979 vilipopita Mbarara stoo iliungua pamoja na karatasi zake, na Sowedi akabaki akiuza mafuta ya taa karibu na msikiti, akiwa na mke wake Swabulah na Kiingereza ambacho hakuna aliyekihitaji.

Kilikuja kuhitajika Februari 1985. Kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale walikuwa wanaandikisha watu upya, na karani wa uandikishaji, kijana wa Bushenyi aitwaye Herbert, alikwama. Wanyarwanda, ambao ndio waliokuwa wengi, alizungumza nao Kinyankore na wakaelewana. Lakini Rubondo, sehemu moja ya kambi ile, kulikuwa na kaya chache za Warundi na Wazaire waliojua Kiswahili, na Kiswahili cha Herbert kiliishia kwenye "jambo" na "lete". Mtu mmoja akamtaja Sowedi. Akaja na shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni, akakaa kwenye benchi pale Base Camp, penye ofisi za kambi, upande wa kushoto wa mashine ya kuchapa.

Dafroza alifika siku ya tatu. Alikuwa mjane wa Kirundi, mzaliwa wa Rumonge. Mumewe, mwalimu, alikuwa amefariki kwa homa katika kambi ya Oruchinga miaka miwili iliyopita, naye akahamia Rubondo na binti zake wawili, Odeta wa miaka kumi na mmoja na Imelda wa miaka minne. Aliwaleta wote wawili. Odeta alisimama nyuma ya mama yake kama mtu mzima. Imelda aliiona karatasi ya kaboni mezani, akaishika, na kabla mtu hajasema kitu vidole vyake vyote kumi vilikuwa vya buluu. Sowedi alicheka, akatoa leso yake, akavifuta kimoja kimoja huku akiuliza maswali.

"Jina la mume?"

"Melkiade. Alishakufa."

"Pole, Mama Odeta. Kabila? Dini? Mlipita wapi?"

Alijibu yote. Herbert alichapa bila kuinua kichwa. Chumba kilijaa watoto wa watu waliokuja kuitazama mashine, wengine wakining'inia dirishani, na Herbert alikuwa ameacha zamani kuwatofautisha. Karatasi zenyewe zilikuwa za muundo wa kale, zilizorudufiwa kwa stensili kutoka kwa nyingine za zamani zaidi, zenye Kiingereza cha mahakama za wakoloni.

"Issue?" Herbert aliuliza.

Dafroza, ambaye alisoma darasa sita kwa masista, kwa Kifaransa, aliinama akaliangalia neno lile. "Issue," alilisoma kwa namna yake. "Kaka, hapa banauliza njia ya kutokea? Fasi nilitokea? Miye nilitoka kwa mguu, kupita Tanzania."

"Hapana, Mama Odeta," Sowedi alisema, na alisikia raha ndogo ya mtu anayejua. "Hiyo ni ya Kifaransa. Kwa Kiingereza, issue ni vitu vya stoo. Wanauliza kama serikali iliwahi kukupa kitu. Blanketi, sufuria, jembe."

Dafroza alifikiri. "Miye sijapewa kitu, kaka. Hata kimoja."

"Nil," Sowedi alimwambia Herbert.

Herbert akachapa Nil, akachomoa karatasi, akapiga muhuri. Kadi ya posho ilikuwa jambo jingine, nayo ilisema tu: watu watatu. Dafroza alishukuru, akamshika Imelda mkono, wakaondoka.

Mwezi wa Mei surua iliingia Rubondo. Odeta aliugua siku nne akapona. Imelda aliugua siku nne, vipele vikakauka, kisha kifua kikaanza kukoroma na mbavu zikawa zinaingia ndani kila alipovuta pumzi. Dafroza alimbeba mgongoni hadi kliniki ya Base Camp. Gari la kupeleka wagonjwa Mbarara lilikuwa linawashwa, na ndani kulikuwa na watoto wanane na nesi mmoja.

"Mama, nafasi ya mtu mzima hakuna," nesi alimwambia. "Mtoto aende sasa hivi. Wewe chukua ruhusa ya kutoka, uje kesho."

Alimpitisha Imelda dirishani. Mtoto alikuwa hoi, hakulia. Nesi aliandika jina la mtoto na la aliyemleta kwenye plasta, akaibandika kifuani.

Ruhusa haikupatikana kesho. Bila karatasi ile mkimbizi hakuweza kuvuka kizuizi cha kwanza cha barabarani, na mkuu wa kambi, ambaye saini yake ilitakiwa, alikuwa amekwenda Kampala mkutanoni. Dafroza alikaa mlangoni pa ofisi siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Siku ya saba alijaribu kwenda bila karatasi. Askari wa kizuizini alimtazama miguu iliyojaa vumbi.

"Wewe mama, kipande iko wapi?"

"Mutoto wangu iko hospitali, afande. Anagonjwa sana."

"Watoto ya watu wote nagonjwa. Bila kipande, hapana pita. Rudi."

Alirudi. Siku ya kumi na mbili mkuu wa kambi alikuja, akatia saini bila hata kukaa, na Dafroza akapata lori lililobeba ndizi hadi mjini. Hospitali ilikuwa ya masista, ndogo, iliyopewa jina la Mtakatifu Monika. Kwenye wodi ya watoto alipita kitanda kwa kitanda, akarudia tena kitanda kwa kitanda. Nesi hakujua Kiswahili, Dafroza hakujua Kinyankore. Alichoelewa ni mkono wa nesi ulioonyesha barabara, kisha vidole viwili vilivyotembea hewani: mtoto amekwenda.

Alikaa chini, sakafuni, akafikiri mtoto amekufa. Mfagiaji wa wodi, aliyejua Kiswahili cha sokoni, ndiye aliyemwinua. "Hapana kufa, mama. Napona. Natembea. Watu wa ofisi ya watoto nachukua yeye."

Mtu pekee aliyemjua Mbarara ni Sowedi. Aliuliza msikiti, akauliza muuza mafuta ya taa, akamkuta mbele ya kibanda chake akipima mafuta kwa faneli. Sowedi alimwachia Swabulah faneli, akavaa viatu, wakaenda.

Ofisi ya watoto ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Afisa aliitwa Enid, mwanamke mwenye miwani na sauti ya upole. Alizungumza Kiingereza na Sowedi, na alionekana anajua kazi yake. Alitoa faili. Mtoto Imelda, alisema, alipona kwa juma moja, na hakuna aliyekuja kumwona. Hospitali ikatoa taarifa, kama inavyotakiwa. Yeye mwenyewe alituma mtu kuangalia nakala za Nakivale. Mtoto aliletwa na mwanamke aitwaye Dafroza, wa Rubondo, na karatasi ya Dafroza ilikuwa wazi: mwanamke huyo hana mtoto. Kwa hiyo alikuwa jirani mwema aliyemwokota yatima. Kulikuwa na nafasi katika nyumba ya watoto yatima upande wa Mpigi, na gari lilikuwa linakwenda huko. Alimpeleka siku ya Jumanne.

"Hana mtoto?" Sowedi alisema. "Iko wapi hiyo?"

Enid aligeuza karatasi na kuweka kidole. Issue: Nil.

"Hiyo ni vitu vya stoo," Sowedi alisema.

Enid alimtazama, akidhani anatania. Kisha akaona hatanii. "Mzee, neno hili lina maana nyingi. Toleo la gazeti ni issue. Jambo linalobishaniwa ni issue. Jeshini, ndiyo, wanachopewa askari. Lakini kwenye karatasi kama hii, baada ya jina la mume, maana yake ni moja tu. Watoto uliowazaa."

Sowedi aliitazama herufi moja moja, kama mtu anayetazama uso wa rafiki aliyemwibia. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameliandika neno lile. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba lina watoto ndani yake.

"Anasema nini?" Dafroza aliuliza.

Alikuwa mkalimani. Kazi yake ilikuwa kugeuka na kusema. Aligeuka, akasema, "Wanasema kuna kosa kwenye karatasi."

"Kosa gani?"

"Kosa la kuandika."

Dafroza alikuwa ameinama juu ya meza, na kidole cha Enid kilikuwa bado pale. "Hiyo neno miye ninaiona," alisema polepole. "Issue. Ni ile uliniambia ni blanketi."

Alimgeukia Sowedi.

"Kumbe ni nini?"

"Ni watoto, Mama Odeta. Waliuliza kama una watoto."

"Na weye ulijibu nini?"

Dafroza alijua kilichojibiwa. Alikuwepo. Lakini alikuwa anamsubiri aseme, na Sowedi alisema, kwa sauti iliyomfanya hata Enid, asiyeijua vizuri lugha ile, ashushe macho: "Nilisema huna."

Chini, cherehani za duka zilikuwa zinakimbia. Halafu Dafroza akauliza, bila ukali, kama mtu anayetaka kweli kufahamu: "Siku ile uliniita Mama Odeta mara ngapi? Ulimupangusa Imelda mikono na kitambaa chako. Weye mwenyewe. Ukawa unasema sina?"

"Nilidhani watoto wako kwenye kadi ya posho."

"Kadi inasema watu watatu. Haisemi ni batoto ba nani."

Enid alifunga faili. Akajaribu Kiswahili chake. "Pole, mama. Pole sana sana." Kisha akamweleza Sowedi kinachotakiwa: barua ya marekebisho kutoka kwa mkuu wa kambi, na maelezo ya karani aliyechapa. Zikifika, ataandika Mpigi mtoto arudishwe. Hakuwa mwanamke mbaya. Hata aliwapa karatasi mbili safi za kuandikia.

Herbert alikuwa amehamishiwa kaskazini. Walimwandikia. Sowedi aliandika maelezo yake mwenyewe, kurasa mbili, akieleza stoo na blanketi na Nil, akaweka alama ya dole gumba chini ya saini ili yaaminike zaidi. Mkuu wa kambi aliyasoma hadi mwisho, akayarudisha. Mkalimani, alisema, alikuwa kibarua wa siku. Hakuwa na barua ya ajira. Kiofisi hakuwahi kuwepo pale mezani, kwa hiyo hawezi kuwa amekosea. Lazima aseme Herbert.

Jibu la Herbert lilifika mwishoni mwa Julai, fupi na la heshima. Alikumbuka benchi, alikumbuka joto, hakumkumbuka mwanamke wala watoto. Lakini kama mzee Sowedi anasema kulikuwa na kosa, yeye hana pingamizi. Mkuu wa kambi aliona hilo linatosha. Alikuwa anatafuta muhuri wake redio iliposema serikali imepinduliwa Kampala.

Baada ya hapo hakukuwa na wa kumwandikia. Ofisi ya Enid ilifungwa kwa kufuli. Wapiganaji wa msituni waliukamata upande wa magharibi, wakaizingira kambi ya jeshi ya Mbarara, na barabara ya Kampala ikakatika kwenye mto Katonga. Mpigi ilikuwa ng'ambo ya pili. Mbarara mizinga ilisikika mchana, na huko Rubondo watu waliendelea kuchota maji kwenye visima vya pampu na kupalilia mahindi, maana hakukuwa na jingine la kufanya. Dafroza alipalilia. Odeta alisema baadaye kwamba mama yake hakulia miezi ile yote, ila alikuwa akipakua chakula kwenye sahani tatu, kisha akarudisha ya tatu chunguni.

Sowedi hakuweza kukaa. Mara tatu alitembea hadi kwenye vizuizi vya wapiganaji na barua ya mkuu wa kambi, iliyopigwa muhuri hatimaye, ndani ya mfuko wa nailoni. Mara ya tatu kijana mwenye bunduki aliisoma yote, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Mzee, hii maneno ni kweli," alisema. "Lakini mbele hakuna barabara. Iko vita tu. Mimi nisaidie wewe namna gani?"

Barabara ilifunguliwa baada ya wapiganaji kuiteka Kampala Januari 1986. Mwezi wa Machi walisafiri, Dafroza na Sowedi, nyuma ya lori la chumvi. Walipita daraja la Katonga, walipita mashamba yaliyogeuka vichaka na magari yaliyoungua pembeni. Dafroza alikuwa amebeba gauni jekundu aliloshona Swabulah, la mtoto wa miaka mitano.

Nyumba ya yatima ilikuwa na matundu ukutani, na mabati ya upande mmoja yameng'olewa. Mlezi mmoja tu ndiye aliyebaki, mama wa makamo jina lake Topista, akifua mashuka yasiyo na watoto wa kuyalalia. Alijua Kiswahili cha kutosha. Alisikia jina la Imelda, akaacha kufua.

"Huyo tulikuwa naye," alisema. "Mdogo, anapenda kushika vitu vya watu. Alisema maneno ambayo hatujui."

"Iko wapi?" Dafroza aliuliza.

Topista alijipangusa mikono kwenye gauni lake la gomesi. "Nnyabo, mama, wanajeshi walisema tuna saa moja. Risasi zinapita juu ya bati. Watoto thelathini na wawili, na sisi wawili. Watu walikuwa wanakimbia barabarani. Kila aliyepita na mkono mtupu, nilimpa mtoto. Wenye ndugu niliwaacha mwisho, niliwabeba mwenyewe, kwa sababu kwao kutakuja mtu kuuliza." Akasita. "Imelda daftari lilisema hana mtu."

"Ulimpa nani?"

"Mwanamke na mumewe. Mume anasukuma baiskeli. Walikwenda njia ya Kampala."

"Majina yao?"

"Sikuuliza, nnyabo. Hakukuwa na nafasi ya kuuliza."

Dafroza alikaa kwenye jiwe la kufulia. Sowedi alikuwa amesimama kati yao, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kutafsiri, maana wanawake wawili walielewana kabisa. Kisha Topista akasema kitu ambacho hakuna aliyemlazimisha kukisema.

"Alikuwa anatuambia mama yake yupo. Hilo neno, mama, nililielewa. Kila siku alisema. Lakini wote husema hivyo. Watoto wote wa hapa walikuwa wanasema mama yao yupo."

Walitafuta Kampala siku tisa. Walilala kwenye veranda ya msikiti. Asubuhi walikwenda masokoni, Jumapili makanisani, Ijumaa Sowedi aliomba nafasi baada ya swala atangaze: mtoto wa kike, mwembamba, ana kovu la moto juu ya goti la kulia, anaitwa Imelda lakini labda sasa anaitwa vingine. Watu walisikiliza kwa huruma. Mji mzima ulikuwa unatafuta watu. Siku ya tano mwanamke mmoja aliwaletea mtoto wa kike asiye na wenyewe, akauliza kama huyu atafaa. Dafroza alimshika uso mtoto yule kwa mikono miwili, akamtazama, akamrudisha taratibu. Ndipo alipolia.

Walirudi. Sowedi alimfikisha hadi mlangoni kwake Rubondo. Odeta alitoka nje, akatazama nyuma yao, akaingia tena ndani. Sowedi alisema alichokuwa anakibeba tangu siku ile juu ya duka la vitambaa: "Mama Odeta, nakuomba unisamehe."

Hakusema amesamehe, hakusema hatasamehe. Alisema, "Weye unajua kuandika. Utaniandikia."

Basi aliandika. Kila mwaka, mwezi wa Mei, Dafroza aliomba ruhusa, akaja Mbarara, akakaa kwenye kigoda mbele ya kibanda cha mafuta ya taa, na Sowedi akaandika barua kumi na mbili kwa mkono: kwa redio, kwa maaskofu, kwa masheikh, kwa nyumba za watoto. Aliacha Kiingereza. Aliandika Kiswahili, na Enid, aliyekuwa amerudi ofisini, akawatafutia mtu wa kuzitafsiri kwa Kiganda. Majibu yalikuja matatu. Moja lilihusu mtoto wa kiume. Mawili yalikuwa ya pole.

Mwaka 1989 alikuja kama kawaida. Odeta, ambaye sasa alikuwa mrefu kuliko mama yake, alikuja naye akiwa amebeba mahindi mabichi kwa ajili ya Swabulah. Sowedi alivaa miwani, akaweka karatasi kwenye goti.

"Andika miaka minane," Dafroza alisema.

Aliandika.

"Andika ni mwembamba." Akafikiri. "Hapana. Futa. Sijui kama bado ni mwembamba. Meno ya mbele andika... yale ya utoto yameshaanguka, yameota mengine. Miye sijayaona."

"Tuseme urefu?" Sowedi aliuliza.

Dafroza alimwita Odeta, akamsimamisha wima. Aliweka kiganja juu ya mbavu zake, akakishusha hadi kiunoni, akakipandisha kidogo, akijaribu kukumbuka Odeta alifikia wapi alipokuwa na miaka minane. Mkono ulibaki hewani kwa kukosa pa kusimama. Odeta hakusogea. Sowedi alisubiri na kalamu yake, na mteja aliyekuja na chupa ya mafuta alisimama pembeni, naye akasubiri.